Kivuli cha Majani Saba

Pale hospitalini walimwita Usipumue. Jina lilitoka kinywani mwake mwenyewe, kwani kwa miaka ishirini na minane alisimama nyuma ya kioo cha chumba cha eksirei akiwaambia wagonjwa maneno yaleyale: "Vuta pumzi. Shika hapohapo. Usipumue." Mashine ikanguruma kidogo, kisha, "Haya, pumua." Wauguzi vijana walimwigiza kwenye foleni ya chai, na akitokea walinyamaza ghafla kama darasa lililomwona mwalimu mkuu. Hakuwakemea. Alichukua kikombe chake akaenda kunywea chumbani kwake, kati ya aproni nzito za madini ya risasi, za kukinga mionzi, zilizotundikwa ukutani kama watu waliompa mgongo.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mchumba aliwahi kuwepo, akachoka kungoja, akaoa kwingine, na hakuna aliyemlaumu. Aliishi katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Meza moja, viti viwili. Kimoja alikalia, kingine kilibeba betri, darubini, na lenzi ndefu iliyofungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Mgeni angekuja angelazimika kukaa kitandani, lakini mgeni hakuja.

Kilichomtoa nyumbani kila siku ya mapumziko ni ndege wa majini.

Mji ule uliyapeleka maji yake machafu kwenye mabwawa manne nje kidogo ya makazi, yaliyopangwa kwa mstari kama trei za kuokea. Maji huingia la kwanza yakiwa meusi, yakatulia, yakapita la pili na la tatu, na kufikia la nne yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Watu walipita barabarani wamebana pua. Ndege hawakuwa na maringo hayo. Korongo walisimama humo kama nguzo za uzio, yangeyange weupe walinyata, domomwiko alifagia maji kwa mdomo wake, na vitwitwi, vile vindege vyenye miguu kama njiti, walikimbia ukingoni mwa tope, wakasimama, wakakimbia tena, kama watu waliosahau kitu nyumbani.

Mlinzi wa geti alikuwa mtu wa maneno mengi, naye Usipumue alikuwa karibu hadhira yake pekee.

"Dada, mji mzima unatuletea hapa walichokula jana," alimwambia kila mara akifungua mnyororo. "Wewe peke yako ndiye unayeleta kamera."

"Na wewe je? Umeletwa na nini?"

"Mimi nimeletwa na tumbo, dada. Tumbo halina pua."

"Basi tuko sawa. Fungua."

"Wasalimie wajomba zako wenye miguu mirefu!"

Mlinzi alicheka, naye Usipumue akacheka kidogo, na siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote mpaka jioni.

Aliandika kila kitu. Alikuwa na madaftari kumi na tisa yenye tarehe, saa, upepo, aina ya ndege na idadi yao. Chama cha watazama ndege cha jimbo kilizitegemea hesabu zake, kwa sababu alipoandika kumi na moja walikuwa kumi na moja, si "kama kumi hivi". Lakini daftari hilohilo ndilo lililomkosanisha na ndugu yake wa pekee. Siku ya nne baada ya kumzika mama yao, watu wakiwa bado wamejaa uani, Usipumue aliamka mapema, akachukua darubini, akaenda bwawani, kwa kuwa ilikuwa siku ya hesabu ya mwaka na hakukuwa na mwingine wa kuifanya. Aliporudi, kaka yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Umetoka wapi?"

"Kuhesabu."

Kaka akawageukia wajomba waliokuwa kwenye mikeka. "Mmesikia? Dada yangu ana hesabu ya ndege wote wa nchi hii. Ndugu zake hajui wako wangapi."

Wajomba walicheka kwa aibu. Yeye hakujibu, na kutojibu kwake kukachukuliwa kuwa kiburi. Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita. Tangu hapo wifi yake alituma salamu za sikukuu kwa simu, kaka hata hizo hakutuma.

Sasa, katika msimu wa joto kali, kitwitwi mmoja alitaga mayai mawili juu ya tuta la bwawa la nne. Kiota chenyewe si kiota cha kujivunia: ni kishimo tu kwenye changarawe. Ubavuni mwake, upande wa magharibi, paliota kifungu cha nyasi kisichofika goti. Usipumue alichukua likizo, akajenga kibanda chake cha magunia hatua kumi na tano kutoka pale, upande huohuo wa magharibi ili jua la alasiri liwe mgongoni mwake, akaingia humo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akangoja. Siku ya kwanza ndege alimwogopa. Alifukia mayai kwa changarawe kwa kupiga miguu haraka haraka, akakimbilia mbali. Siku ya tatu alimzoea.

Ndipo akaona jambo alilowahi kulisoma tu. Jua lilipochoma, ndege alishuka majini, akalowesha manyoya ya tumbo, akapanda tuta huku akidondosha matone, akaketi juu ya mayai kuyapoza. Usipumue alishika pumzi yake mwenyewe. Alitaka picha hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alitaka tone linapoacha manyoya na bado halijafika kwenye yai.

Lakini zile nyasi zilikaa katikati. Kila picha ilitoka na michirizi ya kijani mbele ya kifua cha ndege, kama mtu anayechungulia dirisha lenye nondo. Wiki nzima ilikwenda hivyo. Chama kilikuwa na kanuni moja iliyochapwa nyuma ya kadi ya kila mwanachama: tazama, usiguse. Alikuwa ameisimamia kanuni hiyo miaka kumi na tisa, na mara mbili alikwisha kuwafukuza vijana waliokuja na panga kusafisha majani ili wapige picha nzuri.

Siku ya nane ndege aliposhuka majini, Usipumue alitoka kibandani, akapiga magoti, akatoa mfukoni mkasi wa kukatia bandeji na kukata majani saba. Aliyahesabu, maana alihesabu kila kitu. Hakugusa mayai. Hakuvunja mizizi. Alirudi kwenye ndoo yake kabla ndege hajarudi, na moyo ulimdunda kama wa mwizi, akauambia utulie.

Picha aliipata kesho yake alasiri. Ndege ameinama juu ya mayai mawili yenye madoa, manyoya ya tumbo yameshikana kwa maji, na chini yake limening'inia tone moja lenye jua zima ndani yake. Hakuwahi kupiga picha kama ile, wala hakudhani angepiga nyingine.

Mayai hayakuanguliwa. Siku zake zilipotimia ndege aliendelea kuyaatamia. Zilipita siku tatu, tano, kumi. Usipumue alikuja kila alipopata nafasi, akamkuta palepale, akishuka majini, akirudi, akiyapoza mayai ambayo hayakuwa na wa kupozwa ndani yake. Siku ya kumi na moja kiota kilikuwa hakina mama, mayai mawili yamebaki juani. Aliandika: "Yameharibika. Sababu haijulikani." Akafunga daftari.

Mtu mwaminifu akitaka kujidanganya hutumia maneno ya kitaalamu.

Miezi mitano baadaye katibu wa chama, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole, alimpigia simu akiwa kazini.

"Dada yangu, kaa chini kwanza."

"Nimekaa."

"Picha uliyotuma kwenye shindano la chama imekuwa ya kwanza. Ya kwanza! Itatundikwa ukumbi wa maktaba kuu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wageni, hotuba, na wewe utasimama mbele useme neno."

"Mimi sina neno."

"Utalipata. Gazeti wameshaichukua."

Gazeti liliitoa Jumatano, na Alhamisi simu iliita kwa namba ambayo hakuwa ameifuta.

"Dada."

Aliijua sauti. "Kaka."

"Nimeiona picha yako. Mtoto aliniletea gazeti, akasema, baba, huyu si shangazi?" Kaka alikohoa. "Unakumbuka mama alivyokuwa akitulowesha kitambaa tukiwa na homa? Anakikamua, anatuwekea kifuani, kikikauka anakwenda tena mtungini. Usiku kucha. Nilipomwona yule ndege, nilimwona mama. Nililia, dada, mbele ya wafanyakazi wangu."

Usipumue aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Tunakuja Jumamosi hiyo. Mimi, wifi yako, na watoto wote watatu. Baada ya sherehe tuje kwako tule, kama utatukaribisha."

"Karibuni," alisema. "Karibuni sana."

Siku hiyo wauguzi walimsikia akiimba nyuma ya kioo. Mmoja alimwuliza, "Mama Usipumue, kuna nini, umeposwa?" Akajibu, "Nimeposwa na ukoo mzima," wakacheka wote, na kwa mara ya kwanza akanywa chai yake palepale kwenye benchi. Jioni alipitia kwa seremala akaazima viti vinne. Alivipanga kuzunguka meza, akahamishia lenzi na betri uvunguni mwa kitanda, akakaa kwenye kila kiti kimoja kimoja kuona kama kinayumba.

Fomu ya chama ilifika Jumatatu. Ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, aandike kwa ufupi alivyoipata picha. La pili, atie sahihi chini ya sentensi hii: "Sikugusa kiota wala chochote kilichokizunguka."

Aliiruka sentensi, akaanza na hadithi. Ili aandike sawasawa alitoa daftari la msimu ule, akafungua kurasa za kiota. Kwa mwandiko wake mdogo aliona alichokuwa amekiandika bila kukisoma. Kila alasiri kabla ya mkasi, ndege alishuka majini mara tatu, mara nne, siku moja mara tano. Alasiri ya kesho yake, ile ya picha: mara thelathini na moja. Iliyofuata: ishirini na tisa. Thelathini na tatu. Mpaka mwisho.

Alikaa akiitazama ile safu ya namba. Nyasi zilikuwa upande wa magharibi. Jua la alasiri hupiga kutoka magharibi. Majani saba yalikuwa kivuli cha mayai mawili, na ndege alikiweka kiota pale kwa sababu hiyo, naye mwenye diploma na madaftari kumi na tisa hakukiona kivuli, aliona michirizi tu. Tone lile ambalo gazeti liliandika chini yake "Upendo wa mama" halikuwa upendo peke yake. Lilikuwa hangaiko la kiumbe aliyenyang'anywa kivuli akajaribu kukirudisha kwa tumbo, safari thelathini kila alasiri, akashindwa.

Kila mwanafunzi aliyepita katika chumba chake cha eksirei, Usipumue alimfundisha jambo moja kabla ya kumwonyesha mashine: madhara ya mionzi hayaonekani siku hiyo. Hujitokeza baadaye, aliyebonyeza kitufe akiwa ameshasahau. Kwa hiyo funga mlango, vaa aproni, andika kila ulichofanya, hata kama hakuna aliyekuona. Hasa kama hakuna aliyekuona.

Aliitazama fomu. Akavitazama viti.

Mtu asimsifu haraka hapa. Siku mbili nzima alitafuta njia ya kusaini. Alijiambia kwamba majani si kiota. Akajiambia kwamba joto la mwaka ule liliua mayai mengi. Akajiambia, na hili ndilo lililokaribia kumshinda, kwamba kaka yake amemwona mama, na nani ampokonye mtu mama yake mara ya pili?

Siku ya tatu alikwenda nyumbani kwa katibu, akamweleza yote akiwa amesimama barazani.

Katibu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Majani saba," alisema. "Dada yangu, majani saba! Ng'ombe mmoja akipita pale anakula sabini."

"Ng'ombe hasaini fomu."

"Nani atajua?"

"Nimeshajua."

"Sikiliza. Kila mpiga picha unayemwona amekata jani. Mimi mwenyewe nimewahi kusogeza tawi."

"Basi na wewe andika."

Uso wa mwalimu ulibadilika. Si kwa hasira hasa. Ni kama mtu aliyekaribishwa kukaa mahali penye miba. "Kwa hiyo unataka kuliaibisha chama. Mialiko imeshatoka."

"Nataka picha iondolewe. Mialiko ni karatasi."

Alimrudishia fomu. Mahali pa sahihi palikuwa wazi, na mahali pa hadithi alikuwa ameandika mistari miwili: "Nilikata majani saba yaliyokuwa kivuli cha kiota. Ndege alihangaika kwa ajili hiyo na mayai yakafa." Katibu aliisoma, akamwambia, "Haya, dada," na hakumkaribisha ndani.

Kumpigia kaka kulikuwa kugumu zaidi. Alipiga mchana, wakati wa mapumziko, ameufunga mlango wa chumba chake. Alimwambia bila kuzungusha. Upande wa pili kulikuwa na kelele za karakana ya magari ya kaka, nyundo na mtu akiita spana, kisha kelele zikapungua, maana kaka alikuwa ametoka nje.

"Kwa hiyo yale majani uliyakata wewe."

"Mimi."

"Na yule ndege alikuwa anahangaika."

"Ndiyo."

"Na mayai?"

"Hayakuanguliwa."

Kaka alipumua kwa nguvu. "Dada, kwani ungenyamaza ungekufa? Sikukuuliza. Nilikuja na moyo mweupe, nikakwambia nimemwona mama, wewe unanipigia kuniambia si mama, ni mkasi."

"Mama ni mama, kaka. Kitambaa kilikuwa kweli. Picha ndiyo—"

"Usinifundishe mama yangu." Kisha akauliza: "Basi sherehe hakuna?"

"Kwangu hakuna. Lakini chakula kipo. Njooni tu mle."

"Tutaona," alisema kaka. Kila mwenye ndugu anajua maana ya neno hilo.

Jumamosi ilifika. Alipika vya kutosha watu sita, maana hakuwa ameambiwa hapana. Saa sita hawakuja. Saa nane hawakuja. Ukumbini kwenye maktaba, picha ya mtu mwingine ilikuwa imetundikwa, korongo wawili kwenye ukungu, picha nzuri na safi. Saa tisa alifunika masufuria, akavirudisha viti vinne kwa seremala kimoja kimoja.

"Wageni wameshaondoka?" seremala aliuliza.

"Hawakuja."

Seremala alikipokea kiti cha mwisho, akakipangusa vumbi lisilokuwepo. "Lakini havikuyumba?"

"Havikuyumba."

Alichukua darubini peke yake, kamera akaiacha, akaenda mabwawani.

"Dada!" mlinzi aliita. "Leo si ndiyo leo? Nilisikia unapewa kombe."

"Sikupewa."

"Kwa nini?"

"Nilikosea."

Mlinzi alifungua kinywa kutafuta mzaha, akaukosa, akafungua mnyororo. Usipumue alimpa sufuria moja aliyokuja nayo, imefungwa kwa kitambaa, bado ya moto. Mlinzi aliipokea kwa mikono miwili.

Kibanda cha magunia alikibomoa, akakaa hatua mia moja kutoka kwenye tuta. Kutoka hapo kitwitwi huwa kitone tu, hata kwa darubini huoni tone la maji wala doa la yai. Zile nyasi zilikuwa zimeota tena, ndefu kuliko mwanzo, na kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya changarawe tupu. Vitwitwi sita walikimbia ukingoni. Aliandika sita.

Simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa ujumbe wa kaka, maneno matatu: "Yule ndege alirudi?"

Aliusoma mara nyingi. Kulikuwa na jibu ambalo kaka yake alilitaka, na lilikuwa fupi, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuthibitisha kwamba si kweli. Aliinua darubini, akawapitia wote sita mmoja mmoja, taratibu, kama anayetafuta sura kwenye umati. Akaandika: "Sijui. Wanafanana. Wapo sita, labda ni mmoja wao, labda siye."

Akatuma. Akaiweka simu juu ya daftari ili aione ikiwaka, akaendelea kutazama. Jua liligeuka rangi, korongo mmoja alihama kutoka bwawa la tatu kwenda la nne, na simu ilibaki nyeusi. Wale sita walisimama, wakakimbia, wakasimama.